Mwalimu wa kujitolea katika kisomo cha watu wazima nchini Tanzania, 1968–1986

Historia ya kisomo cha watu wazima nchini Tanzania husimuliwa mara nyingi kwa hotuba na takwimu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwisho wa mwaka huo akazitaka wilaya chache, zikiwemo Mafia na Ukerewe, kufuta ujinga wa kutojua kusoma kabla ya 1971 kwisha. Mwaka 1971 chama cha TANU kikaieneza kazi hiyo nchi nzima, ikamilike 1975. Wakati wa sensa ya 1967, thuluthi mbili hivi ya watu wazima hawakujua kusoma. Jaribio la Agosti 1975 lilionyesha asilimia 39. Mwaka 1986 zikatajwa chini ya 10.

Lakini nani aliyefundisha? Walimu wa shule hawakutosha hata kidogo. Mzigo ulimwangukia kijana aliyemaliza shule ya msingi, akapewa mafunzo mafupi, kisha akarudi kijijini kwake kufundisha jirani na jamaa zake. Wengi wa wanafunzi hao walikuwa wanawake. Kwa kijana kumsahihisha mama wa rika la mzazi wake, tena mbele ya watu, si jambo jepesi. Staha yake ilikuwa na uzito sawa na kitabu chake. Serikali ilimpa shilingi 30 kwa mwezi, zikiitwa takrima, maana mshahara hazikuwa.

Mfano bora umo katika mikoa ya Ziwa, ambako mradi uliosaidiwa na UNESCO uliendeshwa kutoka Mwanza kati ya 1968 na 1972. Huko kisomo kilifungamanishwa na kazi: vitabu vilihusu pamba, migomba na uvuvi. Mkulima aliyeweza kusoma mizani na stakabadhi hakupunjwa kwa urahisi. Hata hivyo vitabu vilikuwa vya Kiswahili, ilhali Msukuma wa shambani aliishi kwa Kisukuma. Alikuwa akijifunza mambo mawili kwa pamoja, herufi na lugha, jambo ambalo msomaji wa Katanga au Kivu halimshangazi. Mtaalamu mgeni asingeweza kumvusha hapo. Jirani aliweza, kwa kuwa lugha ya nyumbani ilikuwa yake pia.

Ngazi za kupimia zilikuwa nne, na aliyefika ya tatu alihesabiwa kuwa anajua kusoma. Ujuzi huo mchanga ulihitaji maandishi ya kuulisha. Gazeti la vijijini Elimu Haina Mwisho lilianza kutoka Mwanza mwaka 1974 kwa haja hiyo hasa. Baada ya vita vya 1978–1979 uchumi ulidhoofika, bei zikapanda, na zile shilingi 30 zikakosa maana. Darasa lisilo na mwalimu halikuhitaji amri ili lifungwe. Sensa ya 2002 iliwakuta wasiojua kusoma karibu asilimia 31, ingawa karani wa sensa huuliza tu, hamtahini mtu.