Namna ya kufunga gari la porini juu ya tela

KIKWE, kusini mwa barabara kuu ya Arusha–Moshi, ni mahali ambapo vumbi la kiangazi na tope la masika huyachosha magari na wenye magari. Land Rover au Land Cruiser iliyovunjika ekseli huko mashambani, au iliyoharibikia mbugani, mara nyingi hurejeshwa mjini ikiwa juu ya tela.

Kazi hiyo huonekana nyepesi, lakini gari lililofungwa ovyo likichomoka huwaangukia waendesha pikipiki, wanafunzi na akina mama wanaotembea kando ya barabara. Kwa sababu hiyo, yafaa kuijua hesabu yake.

Gari lenye uzito wa kilo 2,000 halitulii kwa sababu tu ni zito. Kanuni za ufungaji wa mizigo zinazotumika Ulaya hutaka vifungo viweze kuzuia nguvu ya kwenda mbele inayolingana na asilimia 80 ya uzito wa mzigo, yaani kilo 1,600 kwa gari hilo, na asilimia 50 kuelekea nyuma na kila upande. Nguvu hiyo hutokea dereva anapokanyaga breki ghafla.

Hatua ya kwanza ni kuliunganisha tela na gari linalolivuta, mahali tambarare, na kuyawekea magurudumu kabari. Gari linapopandishwa, mtu yeyote asisimame nyuma yake wala katikati ya reli za kupandia.

Pili ni mizania. Uzito ukilemea nyuma, tela huanza kuyumba mithili ya mkia wa samaki, na mwendo ukiongezeka dereva hushindwa kulidhibiti. Takriban asilimia 10 ya uzito wa tela na mzigo wake iegemee kwenye kiungio, bila kuvuka kiwango cha mtengenezaji. Kwa kuwa injini iko mbele, kwa kawaida gari huelekezwa mbele, kisha husogezwa kidogo kidogo hadi mizania ipatikane.

Tatu, vuta handbreki na uingize gia. Hakikisha kwamba sanduku la pili la gia, lile la kuchagua mwendo mzito na mwepesi, halikuachwa katika nafasi huru. Likiwa hivyo, gia haizuii magurudumu hata kidogo.

Nne ni kufunga. Tumia mikanda minne yenye racheti, miwili ikivuta mbele na miwili nyuma, iliyopishanishwa ili kuzuia gari kwenda kando. Ifungwe kwenye ekseli au magurudumu. Ikifungwa kwenye bodi, springi hubonyea katika kila shimo, mkanda hulegea, na racheti huweza kufyatuka. Jihadhari usibane mipira ya breki.

Kila mkanda una kitambulisho kinachoonyesha nguvu yake. Uliochanika, uliofungwa fundo au ulioliwa na jua utupwe. Kamba ya katani, pamoja na sifa zake zote, hufaa kufungia mbuzi na magunia. Haifai kushikilia tani mbili za chuma.

Tano, ondoa au funga vitu vilegevu: jeki, madumu, gurudumu la akiba na turubai. Kagua taa za breki na indiketa za tela, pamoja na mnyororo wa usalama.

Hatimaye, usiione kazi imekwisha baada ya kuondoka. Barabara ya vumbi hulegeza kila kifungo, hivyo simama ufikapo kwenye lami na ukaze tena mikanda yote. Rudia ukaguzi huo kila unapopumzika njiani.

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Dakika kumi za kukaza mikanda ni gharama ndogo kuliko maisha ya mpita njia asiyejua hata gari hilo ni la nani.