Kutoka Hati ya Kiarabu hadi Simu ya Mkononi: Zana za Kufundishia Kiswahili

Katika makala hii tunanuia kueleza kwa ufupi jinsi zana zilivyolibadilisha darasa la Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba kila zana mpya humpunguzia mwalimu kazi moja na kumwachia nyingine. Hiyo inayobaki ndiyo tunayopaswa kuilinda.

Kwa karne kadhaa Waswahili waliandika lugha yao kwa hati ya Kiarabu. Katika hati hiyo alama moja ya irabu iliweza kusomwa i au e, na nyingine u au o. Msomaji alilazimika kuijua lugha kwanza ndipo alisome andiko. Hati ya Kilatini na mitambo ya kuchapia ya wamisionari ilileta mabadiliko makubwa. Kitabu cha sarufi cha Edward Steere (1870) na kamusi ya Ludwig Krapf (1882) viliwawezesha hata watu wasiowahi kufika pwani kuanza kujifunza Kiswahili.

Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha iliyosimamia usanifishaji katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kamati hiyo ilikagua vitabu vya shule ili vifuate Kiswahili sanifu. Wanafunzi wetu hushangaa kusikia kwamba mwaka 1952 makao yake yalihamia Makerere, hapa hapa Uganda.

Hata hivyo, kitabu kina upungufu wake. Chukua neno "barabara". Mkazo ukiwa kwenye silabi ya tatu, maana yake ni njia. Ukiwa kwenye silabi ya pili, maana yake ni sawasawa. Maandishi hayaonyeshi tofauti hiyo. Mtoto wa Unguja huisikia nyumbani, lakini mwanafunzi wetu anayekutana na Kiswahili darasani tu ataisikia wapi? Ndiyo maana redio ilikuwa mkombozi. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, ilimfikishia msikilizaji wa bara matamshi ya wazungumzaji hodari. Baadaye zikaja kanda za kaseti. Sisi tuliosoma kwa kanda tunakumbuka kuzirudisha nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri.

Kompyuta nayo ilileta msamiati. Mradi wa Kamusi ulianzishwa mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili. Mwaka 2009 Kiswahili kiliingizwa katika Google Translate.

Kisha likaja janga la korona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Redio ikarudi kuwa darasa, na wenye simu za intaneti wakatumiana masomo. Wasio na simu wala redio waliachwa nyuma.

Mnamo Novemba 2022 ilitolewa ChatGPT, na leo mwanafunzi anaweza kuipata insha nzima kwa dakika moja. Tumewahi kusahihisha insha isiyo na kosa hata moja la upatanisho wa kisarufi. Tulipomwomba mwenye insha atusomee aya ya kwanza, alikwama katika sentensi ya pili. Alama tungempa nani?

Hatupendekezi kupiga marufuku simu. Simu hiyo hiyo ina kinasa sauti, kifaa ambacho walimu wa zamani wangekitamani sana. Tumeanza kuwataka wanafunzi waambatanishe kila insha na rekodi ya dakika 3 wakiieleza kwa maneno yao wenyewe, bila kusoma. Kazi ya kusikiliza ni nzito darasa linapokuwa kubwa, lakini sasa tunajua nani anakijua Kiswahili na nani amekinakili.

Kamusi, redio na kompyuta zimetupa maneno na sauti kwa wingi. Kumsikiliza mwanafunzi akizungumza na kumrekebisha papo hapo bado ni kazi yetu. Tukiiacha, tutatoa wahitimu wenye vyeti vya Kiswahili wasioweza kuuliza njia wakifika Mombasa.