Mwangwi Kabla ya Chipu

Lebo za redio zisizo na chipu zikitajwa siku hizi, huelezwa kama hatua inayofuata katika safari iliyonyooka: ulianza msimbo wa mistari, ikaja lebo yenye chipu na antena, na sasa chipu yenyewe inaondolewa ili ibaki michoro tu ya wino unaopitisha umeme juu ya karatasi. Maelezo hayo yanavutia, ila tarehe zinayakataa. Kukitambua kitu kwa mawimbi ya redio yaliyokigonga yakarudi, bila kitu hicho kuwa na chipu wala redio ya kujibia, ni kazi iliyoanza kujaribiwa miaka ya 1930, kabla hata transista haijabuniwa. Imeshindwa mara kadhaa na kufaulu mara kadhaa, na ukiziweka pamoja mara zote hizo utaona kwamba ubora wa lebo si ulioamua. Kilichoamua ni mahali, yaani ni nani aliyeitawala nafasi iliyopo kati ya lebo na kisomaji chake.

Tuanze na angani, ambako nafasi hiyo haitawaliwi na mtu. Tarehe 26 Februari 1935, karibu na Daventry nchini Uingereza, Robert Watson-Watt na msaidizi wake Arnold Wilkins walionyesha kwamba ndege ya kijeshi ikipita mbele ya mawimbi ya kituo cha redio cha BBC hurudisha mwangwi unaopimika. Rada ya Waingereza ilizaliwa hapo, na ndugu yake akazaliwa naye: tatizo la kujua mwangwi huu ni wa rafiki au wa adui. Jibu la kwanza la Waingereza lilikuwa la kuakisi tu. Ndege ilifungwa waya uliokatwa kwa urefu unaolingana na masafa ya rada, na swichi ikawa inauunga na kuukata waya huo, ili mwangwi uvimbe na kunywea kwa mpigo unaojulikana. Wazo lenyewe lilikuwa safi. Tatizo ni kwamba mwangwi wa ndege hubadilika wenyewe kila ndege inapoinama au kugeuka, na mabadiliko hayo yaliumeza ule mpigo wa waya. Tarehe 6 Septemba 1939, siku tatu baada ya Uingereza kutangaza vita, Spitfire za Waingereza ziliangusha Hurricane mbili za Waingereza wenzao na rubani mmoja akafa. Hapo kila mtu aliona gharama ya kutotambuana. Kifaa cha kutofautisha rafiki na adui kilichokuwa kikianza kuingizwa katika ndege za Waingereza, IFF Mark I, kiliacha kutegemea mwangwi mtupu. Kilipokea mawimbi ya rada, kikayakuza kwa valvu zake, kikayarudisha yakiwa na nguvu.

Anayebishana na hoja hii ana shahidi mzuri, na shahidi huyo alitundikwa ukutani Moscow. Agosti 1945 watoto wa chama cha Mapainia wa Kisovieti walimkabidhi balozi wa Marekani, Averell Harriman, nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mbao. Ikatundikwa katika makazi ya balozi, Spaso House, na ikakaa hapo hadi 1952. Ndani ya mbao mlikuwa na kikopo kidogo cha metali chenye kiwambo chembamba upande mmoja na kijiti cha antena kikichomoza. Hapakuwa na betri wala waya wa umeme, ndiyo maana wapekuzi waliotafuta vinasa sauti hawakukikuta: kwa muda mwingi kilikuwa kipande cha metali tu. Nje ya jengo Wasovieti wakiwasha mtambo wao na kukielekezea mawimbi, kikopo kiliitika kama uzi wa gambusi unavyotetema gambusi ya pili yenye sauti ileile inapopigwa kando yake. Na kwa kuwa sauti za watu chumbani zilikuwa zikikitikisa kiwambo, mwangwi uliorudi ulibeba mazungumzo yao. Mbunifu wake alikuwa Leon Theremin, yuleyule wa ala ya muziki inayopigwa bila kuguswa, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi chini ya ulinzi wa dola. Mei 1960, baada ya ndege ya kijasusi ya U-2 kuangushwa, balozi Henry Cabot Lodge aliionyesha nembo hiyo mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa.

Je, si ushindi wa kuakisi mtupu? Ni ushindi, lakini tazama ulivyopatikana. Kifaa kilikuwa kimoja, ukuta mmoja, umbali uleule miaka yote, na dola nzima ilikuwa tayari kugharimia mtambo na wasikilizaji kwa ajili ya chumba kimoja. Urahisi wa kile kikopo ulilipiwa kwa ukubwa wa vyote vilivyokuwa nje yake, na hesabu hiyo haijabadilika sana. Oktoba 1948 mhandisi Harry Stockman alichapisha Marekani makala kuhusu mawasiliano kwa nguvu inayoakisiwa, makala ambayo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa taaluma hii hadharani, na yeye mwenyewe alikiri kwamba utafiti mwingi bado ulihitajika kabla ya matatizo ya msingi kutatuliwa.

Waliofuata kuifaidi kanuni hii walikuwa wenye maduka. Tangu miaka ya 1960 zilianza kuuzwa lebo za kuzuia wizi, na aina iliyoenea sana ni ile ya mraba ambayo mnunuzi yeyote wa supamaketi, iwe Nairobi au Dar es Salaam, ameiona nyuma ya chupa ya losheni. Ukiibandua utakuta zongo bapa la karatasi ya metali linaloitika kwenye megahezi 8.2. Mlangoni nguzo mbili hupeperusha mawimbi yanayopanda na kushuka karibu na masafa hayo, na lebo ambayo haijaharibiwa na keshia hujitokeza. Ni chombo kisicho na chipu kilichosambaa kuliko vyote, ila kinasema neno moja tu: nipo. Hakijui ni losheni au wembe. Na hata neno hilo kinalisema kwa sababu duka limekubali kuwalazimisha watu wote wapite baina ya nguzo mbili.

Jaribio lenye akili kuliko yote, kwa maoni yangu, ni la lebo za mawimbi ya sauti, ambazo zilitokana na ugunduzi wa watafiti White na Voltmer wa 1965. Hapa antena hukabidhi mawimbi ya redio kwa kijiwe cha fuwele, ambacho huyageuza kuwa mtetemo unaotambaa juu ya uso wake kwa kasi ya takriban mita 3,500 kwa sekunde. Juu ya uso huo kumechorwa vistari vya metali, na kila kistari hurudisha sehemu ya mtetemo kwa wakati wake. Mpangilio wa nyakati ndio namba ya lebo. Ukuta ulio mita 30 kutoka kwa kisomaji hurudisha mwangwi wa redio kwa mikrosekunde 0.2. Mtetemo unaotambaa milimita 5 kwenda na 5 kurudi huchukua karibu mikrosekunde 3. Kisomaji kinanyamaza, kelele za mazingira zinakufa, kisha lebo ndiyo inaongea. Norwei ilizitumia lebo hizi katika malipo ya barabara mwishoni mwa miaka ya 1980, na Siemens ikazitumia kutambua treni za chini ya ardhi za Munich. Lakini tazama tena: ni njia ya gari na reli ya treni, mahali ambapo lebo hupita moja moja, upande uleule, umbali uleule. Na fuwele ya kukatwa kiwandani haikuwahi kuwa rahisi kama wino.

Ndoto ya wino ilitoka kwenye hesabu ya bei. Kituo cha Auto-ID kilichoanzishwa MIT mwaka 1999 kilijiwekea shabaha ya lebo ya senti 5 za dola, na 2003 Walmart ikawaambia wauzaji wake wakubwa 100 waweke lebo za redio kwenye shehena zao kufikia Januari 2005. Kama chipu ndiyo ghali, watafiti wengi walisema, basi iondolewe. Mwaka 2009 Stevan Preradovic na Nemai Karmakar wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walieleza lebo yenye mizunguko 35 ya metali, kila mmoja ukinyonya masafa yake, hivyo kuwepo au kutokuwepo kwa pengo katika masafa hayo kukawa biti moja. Biti 35 hutoa namba zipatazo bilioni 34. Lebo ilikuwa na milimita 88 kwa 65, kubwa kidogo kuliko kadi ya benki, na bado ilibeba namba chache kuliko msimbo wa mistari wa pakiti ya biskuti, wenye tarakimu 12 na moja ya kukagulia.

Hata hivyo ukubwa si kizuizi kikuu. Katika majaribio mengi ya aina hii kisomaji hupima kwanza mahali pakiwa patupu, kisha lebo huletwa, na kilichopimwa mwanzo huondolewa kwenye kilichopimwa baadaye. Sogeza kabati, na kipimo cha mwanzo kimekufa. Wapo wanaojibu kwamba kompyuta zimekuwa rahisi na zitaumudu usumbufu huo. Ni kweli kwa sehemu, lakini kompyuta haiwezi kuongeza nguvu ambayo sheria imeikataza: kanuni za Marekani za 2002 zinaruhusu mtambo wa masafa mapana kurusha takriban nanowati 75 tu kwa kila megahezi, na mwangwi hupungua mara 16 umbali unapozidishwa mara 2. Usomaji ukabaki, kwa kawaida, wa sentimita kadhaa hadi mita moja hivi. Wakati huohuo chipu ilishuka bei hadi senti chache za dola, na sababu ya kuiondoa ikapungua.

Yaliyobaki ni maeneo ambayo chipu haifiki. Chipu ya kawaida ya silikoni huharibika joto linapopanda sana juu ya nyuzi 150, ilhali fuwele zinazofaa hustahimili mamia ya nyuzi na mwangwi wake hubadilika kadiri joto linavyobadilika, hivyo lebo inageuka kipimajoto ndani ya tanuri au mashine inayozunguka. Watafiti wengi waliokuwa wakihesabu biti sasa wanapima joto, unyevu na nyufa, vifaa vyao vikiwa vimefungwa palepale, umbali unajulikana, na hakuna kabati la kusogezwa.