Goma maji yalikosekana, Gihembe yalishuka bure

Vijana wenzangu, tukiambiwa "chungeni maji" wengi tunaona ni maneno ya semina tu. Lakini sisi wakimbizi wa eneo hili tuna historia yetu ya maji, na ina pande mbili.

Upande wa kwanza ni Goma, Julai 1994. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipokuwa yanafikia mwisho, watu laki kadhaa walivuka kutoka Rwanda kwa siku chache. Ndani yao walikuwemo waliofanya mauaji, na walikuwemo watoto wengi. Goma iko juu ya mawe ya volkano: kuchimba choo shida, kisima ndiyo zaidi. Ziwa Kivu liko pale pale, lakini maji safi hakuna. Wiki ya kwanza mtu alipata wastani wa lita 0.2 kwa siku, yaani glasi moja. Kipindupindu kikaingia, kuhara damu kukafuata. Mwezi mmoja tu, karibu watu 50,000 wakafa.

Mwaka 1997 mashirika ya misaada na Msalaba Mwekundu wakaanza mradi wa Sphere, wakaweka kiwango: angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Kwa hiyo mtu wa maji akija kambini kuhesabu jerikani, asionekane msumbufu. Hesabu ile imetoka makaburini.

Upande wa pili ni Gihembe. Kambi hii ilifunguliwa mwisho wa 1997 juu ya mlima kule Byumba, kwa Wakongomani walioshambuliwa Mudende. Pale mvua ikinyesha, maji yalishuka mteremkoni na udongo wake. Mwaka baada ya mwaka makorongo yakazidi kuwa marefu, yakasogelea nyumba. Mwaka 2021 kambi ikafungwa, familia zikahamishiwa Mahama. Maji yale yale mama anayatafuta na jerikani ndiyo yaliyokula mlima.

Sasa tuangalie Kigali, mji wa milima pia. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 1.13, ya 2022 milioni 1.74. Maji ya Nzove yanatoka bonde la Nyabarongo, pampu inayapandisha mpaka kwetu, na hiyo ni umeme na pesa. Mvua yenyewe inakuja juu ya bati bila kulipwa.

Piga hesabu: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita 20 za mraba, mvua ya milimita 10, ni lita 200. Hizo ni jerikani 10! Hata zikipotea mbili, nane zinabaki. Weka mfereji wa bati na pipa lenye kifuniko, mbu wasizaliane. Yafulie, yapigie deki, yamwagilie akarima k'igikoni. Ya kunywa, hapana, mpaka yatibiwe. Maji uliyooshea mboga yapeleke kwenye lengalenga, jioni jua likishuka, na utandaze majani makavu chini ya mimea ili udongo usikauke haraka.

Halafu kaa na mzee wako umuulize: kule mlikokimbilia, mlipata jerikani ngapi kwa siku, na watu wangapi mkagawana? Andika jibu lake. Hiyo historia haijaandikwa popote, na wenye kuikumbuka wanazeeka.