AC inapoza barabarani, inakufa kwenye foleni: feni ya umeme ilitoka wapi?

Wenye magari ya zamani wanaijua hali hii. Gari likiwa kwenye mwendo, AC inapoza vizuri tu. Ukiingia kwenye foleni, upepo unaanza kuwa wa vuguvugu, na baada ya dakika chache mshale wa joto nao unapanda. Fundi anasema gesi imepungua, unaongeza, wiki inayofuata uko palepale. Mara nyingi gesi haina kosa lolote. Ili tuone kosa liko wapi, turudi nyuma kidogo, maana AC na feni ya rejeta zina historia mbili tofauti zilizokuja kukutana.

Tuanze na AC. Novemba 1939, kwenye maonyesho ya magari Chicago, kampuni ya Packard ilionyesha gari lenye AC ya kiwandani. Evaporeta, yaani kile kipande kinachopoza hewa, ilikaa nyuma kwenye buti. Kompresa haikuwa na klachi, kwa hiyo ilizunguka muda wote injini ikiwaka. Ukitaka kuizima kabisa, unasimama, unafungua boneti, unavua mkanda! Bei yake ilikuwa dola 274, pesa nyingi kwa wakati ule, na baada ya 1941 Packard ikaachana nayo. Mwaka 1954 Nash, kampuni iliyokuwa imeungana na watengenezaji wa friji wa Kelvinator, ikaja na mfumo ambao vifaa vyake vyote vilikaa mbele ya gari. Mpangilio huo ndio tunaoukuta hadi leo.

Sasa, AC haitengenezi baridi. Inahamisha joto. Gesi inabanwa na kompresa, inakuwa ya moto sana, inapita kwenye kondensa, inaacha joto lake kwenye upepo na kugeuka kimiminika. Halafu inaachiwa ipanuke ndani ya evaporeta, na hapo inafyonza joto la ndani ya gari. Kondensa imesimama mbele ya rejeta. Kwa hiyo upepo unaofika kwenye rejeta umeshapashwa moto njiani. Gari likitembea, upepo wa barabarani unatosha kwa zote mbili. Gari likisimama, tegemeo ni feni.

Na feni nayo ina safari yake. Kwa miaka mingi ilizungushwa na mkanda kutoka kwenye injini, itake isitake, hata wakati haihitajiki. Wahandisi waliona kwamba nguvu inapotea bure. Peugeot 404, gari lililoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mara nne katika miaka ya 1960, lilikuwa na feni yenye sumaku ya umeme iliyoiunganisha na mkanda pale tu injini inapopata joto.

Mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na jinsi injini inavyokaa. Mini ya 1959 ililaza injini kwa upana wa gari, rejeta ikasogezwa ubavuni ili mkanda uendelee kuzungusha feni. Fiat 128 ya 1969 nayo ililaza injini kwa upana, lakini ikaiacha rejeta mbele na kuizungushia feni yenye mota ya umeme. Njia hiyo ikasambaa duniani kote. Ndiyo maana Corolla nyingi za mtumba kutoka Japani zina feni za umeme nyuma ya rejeta, wakati Land Cruiser nyingi za zamani, ambazo injini yake inatazama mbele, zilibaki na mkanda.

Hapo aina ya ubovu ikabadilika pia. Mkanda ukikatika unauona kwa macho. Feni ya umeme inaweza kunyamazishwa na fyuzi, rilei, swichi ya joto, waya au mota yenyewe, na nje huoni kitu.

Isitoshe, watengenezaji hawakuwaza sawa. Kwenye magari mengi ya Ulaya, swichi ya joto inaunganisha umeme maji yakipata joto la kutosha. Ukichomoa plagi yake, feni haizunguki. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zinafanya kinyume: swichi inakata maji yakifika karibu nyuzi 93, na kukata huko ndiko kunakowasha feni. Ukichomoa plagi huku swichi ya ufunguo iko ON, feni inapaswa kuzunguka. Wazo lao ni kwamba waya ukikatika, bora feni izunguke bure kuliko injini iungue.

Kuna mtego mwingine. Baadhi ya magari hayo yana feni mbili. AC ikiwashwa, zinaunganishwa kwa mfuatano, kila moja inapata takriban volti 6 na zinazunguka polepole. Joto likizidi, zinaunganishwa sambamba, kila moja inapata volti 12. Kumbuka fizikia ya sekondari: kwenye mfuatano, kimoja kikikata, vyote vinazima. Mota moja ikifa, feni zote mbili zinagoma kwenye mwendo wa polepole, na unadhani mfumo mzima umekufa.

Kuongeza gesi bila kupima kuna madhara yake. Ikizidi, presha inapanda na AC inapoza vibaya zaidi. Na magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitoka na R-12, gesi iliyopigwa vita na Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni. Mrithi wake, R-134a, haiharibu ozoni, lakini inapasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kiasi hichohicho cha kaboni dioksidi. Oili zao pia ni tofauti.

Kwa hiyo kabla ya kulipia gesi, washa injini, washa AC, tazama feni bila kuzisogelea, maana zinaweza kuanza ghafla. Hazizunguki? Kagua fyuzi, badilisha rilei na nyingine inayofanana nayo, kisha ipe kila mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Mota isiyozunguka hapo ndiyo mbovu, na ukiibadilisha huenda rejeta na AC vyote vikapona.