Je, Sisi Bado Kanisa? Kisa cha Kaunti ya Perry

Katika jimbo la Missouri nchini Marekani, kando ya mto Mississippi, kuna kaunti ya mashambani iitwayo Perry. Ina vilima, mashamba, na vijiji vidogo vyenye majina ya Kijerumani: Altenburg, Frohna, Wittenberg. Karibu na Wittenberg mwamba mkubwa uitwao Tower Rock umesimama katikati ya maji. Mto ukipungua sana, watu huufikia kwa miguu. Wakatoliki walikuwa na seminari yao karibu na Perryville tangu 1818, kwa hiyo sisi Walutheri hatukuwa wa kwanza huko. Lakini mimi huwapeleka wanafunzi wangu, kwa maneno tu, hadi Altenburg, kwenye nyumba moja ndogo ya magogo.

Mwezi Novemba 1838 Wasaksoni wapatao 700 waliondoka Ujerumani kwa meli tano. Makanisa ya kwao yalikuwa yamejaa mahubiri ya akili za kibinadamu, nao walitaka Injili iliyo safi. Kiongozi wao alikuwa Martin Stephan, mchungaji wa Dresden. Meli ndogo kuliko zote, Amalia, ilipotea baharini na wote waliokuwamo. Wengine, wakiwa bado safarini, walimfanya Stephan kuwa askofu, na baadaye wakaahidi kumtii katika mambo ya kanisa na hata ya maisha ya kila siku. Hapo ndipo ninapotikisa kichwa kila mara. Watu waliokimbia mamlaka mabaya walijifunga wenyewe kwa mtu mmoja.

Walinunua ekari zaidi ya 4,000 katika Perry. Mwezi Mei 1839 Stephan alishtakiwa kwa uzinzi na kwa kutumia vibaya fedha za wote. Wakamwondoa katika uaskofu, wakamvusha mto hadi upande wa Illinois. Alifariki huko mwaka 1846.

Fikirini hali ya waliobaki. Fedha zimekwisha, magonjwa yanaua, vibanda havijamalizika, na aliyewaleta ameanguka. Shida ya tumbo waliizoea. Iliyowatesa zaidi ilikuwa ya dhamiri. Wengine walisema kwamba kuiacha nchi yao kwa ajili ya mtu kama huyo kulikuwa dhambi, kwa hiyo wao si kanisa tena, na wachungaji wao hawana wito halali. Basi ubatizo wa watoto wao ni nini? Na ile Meza ya Bwana waliyoishiriki? Baadhi ya wachungaji waliingiwa na shaka juu ya wito wao. Mwanasheria Adolph Marbach aliwashauri watubu na kurudi Ujerumani.

Mwezi Aprili 1841 walikutana Altenburg kujadiliana hadharani. Aliyemjibu Marbach alikuwa C.F.W. Walther, kijana wa miaka 29, aliyekuwa ametoka kwenye ugonjwa mrefu ambao ulimpa nafasi ya kumsoma Luther kwa makini. Hakumtetea Stephan, wala hakuficha dhambi ya kundi. Alisema kwamba Kanisa halisimami juu ya askofu. Penye Neno la Mungu na sakramenti, hata katikati ya makosa mengi, Kristo ana watu wake, na watu hao wana haki ya kumwita mchungaji. Marbach mwenyewe alikubali sehemu kubwa ya hoja hizo. Mwaka 1847, Walther alikuwa miongoni mwa walioanzisha Sinodi ya Missouri, ambayo leo Kanisa la Kilutheri la Kenya lina ushirika nayo.

Nimewahi kuona usharika uliovunjwa moyo na kiongozi wake. Mama mmoja mzee aliniuliza, "Mchungaji, na mimi niliyebatizwa naye?" Nilimweleza habari za Altenburg kwa karibu saa nzima, pengine nikazidisha. Alinisikiliza, kisha akauliza kama Jumapili tutakuwa na Meza ya Bwana.

Mji wa Wittenberg karibu umefutika, hasa baada ya mafuriko ya 1993. Nyumba ya magogo ya Altenburg, ambayo mwaka 1839 ilikuwa shule ya kuwafundisha vijana Kilatini, Kigiriki na Kiebrania, bado ipo. Hatua chache kutoka hapo ni kanisa la Utatu la mwaka 1867, na humo hata leo washarika humwita mchungaji wao kwa kura.