Klabu Ikisota: Kabla ya Kusaini, Uliza Doo Inatoka Wapi

Sema ukweli. Uko na miaka 19, unacheza winga pale Muhoroni, halafu mtu wa klabu anakuletea karatasi ya KSh 20,000 kwa mwezi. Utasaini ama utauliza maswali? Wengi wetu tungesaini bado tukitembea.

Shida haiko kwa hiyo elfu ishirini. Shida ni mfuko inakotoka. Ukanda wa miwa umetoa timu kali, na pia umeonyesha vile mchezaji anaweza kubaki bila mshahara, bila timu na bila wa kumlilia. Hii hapa rada kamili.

Miwa ilivyolea mpira

Hesabu timu mwenyewe. Chemelil Sugar na Muhoroni Youth zinatoka Kaunti ya Kisumu. Sony Sugar ni ya Awendo, Migori. Nzoia Sugar ni ya Bungoma. Kwa klabu za kiwanda mpango ulikuwa rahisi: kampuni inauza sukari, kampuni inalipa timu, basi la kampuni linabeba wachezaji. Kuna wasee walicheza mpira na bado wakawa na kazi kiwandani. Na haikuwa timu za kubahatisha. Sony ilichukua ligi kuu mwaka wa 2006.

Lakini mpango wa mfuko mmoja uko na ubaya wake. Mfuko ukitoboka, kila mtu analala njaa siku moja. Na miwa haiharakishwi. Inachukua kama mwaka mmoja na nusu kukomaa. Mkulima asipolipwa, anaacha kupanda. Miwa ikikosa, mashine zinanyamaza. Julai 2023 serikali ilisimamisha usagaji wa miwa magharibi kwa miezi minne kwa sababu miwa iliyokomaa ilikuwa imeisha shambani. Kiwanda kikifika hapo, pesa ya viatu vya mpira inaingia mwisho wa foleni, nyuma ya mkulima, mfanyakazi na benki.

Muhoroni yenyewe ilionja mapema. Kampuni ya Sukari ya Muhoroni iliwekwa chini ya mrasimu mwaka wa 2001. Mrasimu ni yule msimamizi anayeletwa kampuni ikizama kwa madeni. Kwa hivyo Muhoroni Youth ilipopanda ligi kuu mwaka wa 2012, kiwanda kikubwa cha mji wao kilikuwa kimeugua zaidi ya miaka 10.

Vile mambo yaliharibika, mwaka kwa mwaka

2016: Muhoroni Youth inachukua kombe la KPL Top 8, tena kwa kupiga Gor Mahia kwenye fainali. Mji mdogo wa miwa umeangusha K'Ogalo.

2017: Msimu haujaanza, FKF inanyima Muhoroni Youth na Sofapaka leseni ya klabu. Baada ya vuta nikuvute za kesi, zinarudishwa. Ligi inatoka timu 16 hadi 18, na SuperSport, walioleta pesa ya televisheni, wanaondoka. Mwisho wa msimu Muhoroni Youth inashuka. Kutoka kombe hadi kushuka daraja, ni kama mwaka mmoja tu.

2019: Serikali na kampuni za kubeti zinavutana juu ya kodi na leseni. SportPesa inafunga mkoba, na ndiyo ilikuwa ikifadhili ligi, Gor na AFC Leopards. Msimu huo huo Sony Sugar inakosa kufika mechi tatu na kufukuzwa ligi. Bingwa wa 2006 anatolewa na nauli na mishahara.

2020: Korona inasimamisha ligi, msimu unakatwa, na Chemelil inashuka. BetKing inakuja na mkataba wa miaka 5 wa KSh bilioni 1.2, lakini mwaka uliofuata ikajitoa.

2023/24: Muhoroni Youth inarudi ligi kuu, msimu mmoja, inashuka tena. Nzoia Sugar inashuka pia.

Usidhani ni shida ya kwetu pekee. Agosti 2019 huko Uingereza, Bury FC, klabu ya tangu 1885, ilitupwa nje ya ligi juu ya pesa. Tofauti ni kwamba sisi hatuna mto mkubwa wa pesa ya televisheni wa kulainisha ukianguka.

Hesabu ya klabu ndogo

Tuchukue mfano, sio klabu fulani. Kikosi cha wachezaji 25, kila mmoja KSh 20,000. Hiyo ni KSh 500,000 kwa mwezi, na kwa miezi 10 ya msimu ni milioni 5.

Sasa angalia getini. Ligi ya timu 18 inakupa mechi 17 za nyumbani. Mashabiki 500 wakilipa KSh 100 kila mechi, unapata KSh 50,000. Mara 17, ni KSh 850,000. Msimu mzima wa geti haumalizi mishahara ya miezi miwili. Na hapo hatujagusa kocha, marefa, dawa, chakula, na safari ya kutoka Muhoroni hadi Mombasa na kurudi.

Kwa hivyo ukisikia timu imekosa kufika uwanjani, usikimbilie kusema wachezaji ni wavivu. Mara nyingi ni hesabu imekataa.

Dalili za klabu imesota

Haianzi kwa kishindo. Kwanza mshahara unachelewa wiki moja. Halafu unageuka "kitu kidogo cha chai" baada ya mechi. Mazoezi yanapungua watu, kwa sababu wengine wameenda kutafuta kibarua. Landilodi wa keja anaanza kuuliza kocha. Ukiskia "tutamalizana wiki ijayo" mara ya tatu, jua wiki ijayo haiko kwa kalenda.

Na hapa ndipo kuna hatari kubwa zaidi. Mtu wa kupanga matokeo anapenda mchezaji mwenye njaa. Februari 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne juu ya kupanga matokeo kwenye ligi ya Kenya: watatu miaka 4 kila mmoja, na mmoja maisha yake yote. Hatusemi njaa ndiyo iliwapeleka huko. Tunasema ukiwa na deni la renti ya miezi mitatu, simu kama hiyo inasikika tofauti. Usiishike.

Sheria inakulinda wapi?

Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, mkataba wa miezi mitatu ama zaidi lazima uandikwe, na mshahara wa mwezi unalipwa mwisho wa mwezi. Mwajiri asipokupa karatasi, mkifika kortini yeye ndiye anabeba mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini. Mizozo ya michezo ina baraza lake, lililoundwa na Sheria ya Michezo ya 2013. Wachezaji pia wako na chama chao, KEFWA.

FIFA nayo iliongeza kifungu cha 14bis mwaka wa 2018: klabu ikikosa kulipa mishahara ya miezi miwili, mchezaji anaweza kuipa notisi ya maandishi ya siku 15, na isipolipa anavunja mkataba akiwa na haki.

Lakini skiza hapa, ndio watu wengi hukosa. Mzozo wa mshahara hufika FIFA ukiwa wa kimataifa, kama mchezaji wa kigeni dhidi ya klabu ya Kenya. Ndiyo maana Gor na Leopards zimewahi kuzuiwa kusajili wachezaji juu ya madeni ya wageni. Wewe wa Muhoroni unayedai klabu ya Kenya, njia yako ni ya hapa nyumbani. Kwa hivyo karatasi zako ndizo silaha yako. Na usikae nazo, sheria ina kikomo cha muda wa kushtaki.

Maswali 5 kabla ya kusaini

1. Nani analipa? Kampuni, kaunti, mdosi mmoja ama wafadhili kadhaa? Akitoka, nani anabaki?
2. Msimu uliopita wachezaji walilipwa miezi mingapi? Usiulize ofisi, uliza kipa aliyehama.
3. Nakala yangu ya mkataba iko wapi? Piga picha kila ukurasa, uitume kwa mtu unayemwamini.
4. Nikiumia, nani analipa hospitali?
5. Mshahara unapita wapi? Benki ama M-Pesa huacha alama. Pesa ya mkononi haina shahidi.

Sasa je?

Mei 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne kwa kampuni za kibinafsi kwa miaka 30: Muhoroni, Chemelil, Sony na Nzoia. Huenda moshi ukarudi kwa bomba na mkulima akalipwa kwa wakati. Lakini mdosi mpya wa kiwanda sio lazima awe mdosi mpya wa timu. Mpaka iandikwe mahali, mpira ni hiari yake.

Kwa hivyo rudi kwa ile karatasi. Elfu ishirini inayofika kila mwezi inashinda elfu arobaini ya ahadi. Ukisaini, endelea na kozi yako, ama shughuli yako ya pembeni. Cheza kwa roho yote, lakini usiachie klabu ufunguo wa keja.